Mji wa Mbao Uliobaki Kwenye Karatasi

Mwanzoni mwa Machi 1657 moto mkubwa ulizuka Edo, makao ya mashoguni, watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, mji tunaoujua leo kwa jina la Tokyo. Ukame wa majira ya baridi ulikuwa umekausha mbao za nyumba, na upepo mkali uliusukuma moto mtaa baada ya mtaa. Ulipozimika, zaidi ya nusu ya mji ilikuwa majivu, mnara mkuu wa ngome ya shoguni ulikuwa umeteketea, na waliokufa hukadiriwa kufikia watu 100,000. Wengi walifia kwenye ukingo wa Mto Sumida. Moto ulikuwa nyuma yao, maji yalikuwa mbele yao, na daraja la kuvukia halikuwapo, kwa sababu watawala waliona kwamba daraja lingempa adui njia ya kuingilia.

Miaka michache baadaye daraja la Ryogoku lilijengwa mahali hapo. Kwenye miisho yake paliachwa viwanja wazi ili moto ukija tena usipate cha kurukia. Lakini uwanja mtupu katikati ya mji wenye watu wengi haukai mtupu. Vibanda vya chai vilichipuka, wauza vyakula wakapanga meza zao, wanasarakasi na wasimulizi wa hadithi wakajipatia hadhira. Kufikia karne ya 18, usiku wa kiangazi mto ulijaa mashua za wastarehe waliokuja kutazama fataki. Penye umati pana soko, na penye soko wachoraji hawakosi. Daraja lililojengwa kwa hofu ya moto likawa miongoni mwa mandhari zilizochorwa na kuchapwa mara nyingi zaidi nchini Japani.

Ndiyo maana si sawa kuzitazama picha za Kijapani za miji na maji, zile za madaraja, mvua, theluji na mawimbi, kana kwamba zilitoka kwenye utulivu wa mlimani. Zilitoka kwenye mji wenye kelele, uliokuwa ukiungua kila baada ya muda na kujengwa upya. Zilikuwa bidhaa nyepesi za bei ndogo, zilizochapwa kwa maelfu na kuuzwa madukani. Wasomi na mabwana wakubwa wa zama hizo hawakuzihesabu kuwa sanaa ya heshima. Hata hivyo, bei ile ndogo na wingi ule ndivyo vilivyouokoa mji ambao moto, matetemeko na mabomu viliufuta juu ya uso wa ardhi.

Mji uliosimama juu ya maji

Tokugawa Ieyasu alipotwaa cheo cha shoguni mwaka 1603, Edo ilikuwa bado changa, na sehemu yake kubwa ilikuwa bwawa na ufuko wa matope. Mashoguni walijaza bahari udongo, wakachimba mifereji na kuelekeza mito walikotaka. Mchele, pombe, mbao, chumvi na samaki viliingia kwa mashua hadi karibu na milango ya maghala. Daraja la Nihonbashi, lililojengwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1603, likawa mahali pa kuhesabia umbali wa barabara kuu 5 za nchi, na kando yake soko la samaki lilianza kazi kabla jua halijatoka.

Mwaka 1635 sheria ya watawala iliwalazimisha mabwana wa majimbo kuishi Edo kwa zamu na kuwaacha wake na watoto wao humo kama rehani. Kila bwana alikuja na msafara wa askari na watumishi. Maelfu ya wanaume waliotoka mbali na makwao walihitaji chakula, burudani na zawadi za kurudi nazo. Kufikia karne ya 18 mji ulikuwa na watu wapatao milioni moja, na wengi wao walijua kusoma. Karatasi iliyochapwa picha ilifaa kuliko zawadi nyingine: haikuwa na uzito, haikuvunjika, na iliweza kuviringishwa ndani ya mzigo. Nakala moja katika karne ya 19 iliuzwa kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli la tambi.

Picha za mwanzo zilikuwa za wino mweusi peke yake. Hishikawa Moronobu, aliyefariki mwaka 1694, alitoka katika familia ya watarizi wa mkoa wa Awa, na hutajwa kuwa wa kwanza kuupa mtindo huu wa picha, unaoitwa ukiyo-e, sura yake kamili. Baadaye rangi zilipakwa kwa mkono, kisha zikaongezwa mbili au tatu kwa vibao. Mwaka 1765 matajiri wapenda mashairi wa Edo walikuwa wakishindana kubadilishana kalenda za picha, ambazo ndani yake tarakimu za miezi mirefu na mifupi zilifichwa kwa ujanja kwenye mapambo ya nguo au vyombo. Kwa kuwa fedha hazikuwa tatizo kwao, mafundi walipata nafasi ya kujaribu rangi nyingi kwa pamoja. Mchoraji Suzuki Harunobu ndiye aliyeng'ara katika kazi hizo, na wachapishaji hawakuchelewa kuipeleka mbinu hiyo sokoni.

Mikono minne nyuma ya jina moja

Picha hizi hutajwa kwa jina la mchoraji, lakini mchoraji alikuwa mmoja tu kati ya watu wanne. Mwenye mtaji na mwenye kauli alikuwa mchapishaji. Yeye ndiye aliyefikiria nini kitauzika, akamwajiri mchoraji, akalipia mbao na karatasi, na akabeba hasara mzigo ukidoda.

Mchoraji alitoa mchoro kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchonga mbao aliubandika mchoro huo kifudifudi juu ya kibao cha mcheri wa porini, mti wenye ugumu wa kutosha kushika mstari mwembamba kama unywele, kisha akachonga akiufuata. Mchoro wa asili uliangamia papo hapo chini ya kisu. Kila rangi ilihitaji sehemu yake ya kibao, na alama ndogo mbili zilizochongwa pembeni zilihakikisha kwamba karatasi inalala mahali palepale kila mara.

Mpiga chapa alichanganya rangi za maji na gundi ya mchele, akazipaka kwenye kibao kwa brashi, akaweka karatasi yenye unyevu iliyotengenezwa kwa magome ya jamii ya mforosadi, kisha akaisugua kwa kifaa cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Hakukuwa na mashine ya kukandamiza. Anga inayokolea juu na kufifia kuelekea upeo wa bahari haikuchongwa popote. Mpiga chapa aliifuta rangi kwa kitambaa chenye maji kabla ya kila nakala, na mkono wake ndio uliofanya alfajiri iwe alfajiri.

Kabla ya kwenda sokoni, mchoro ulipitia kwa wakaguzi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1790 picha zilitakiwa kubeba muhuri wa kuidhinishwa. Siasa za watawala zilikuwa mwiko. Mwaka 1804 Kitagawa Utamaro, mchoraji mashuhuri wa wanawake, alitiwa mbaroni kwa sababu ya picha za mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi. Mto, daraja na mvua havikuwa na hatari hiyo. Hakuna mkaguzi aliyeona uasi ndani ya theluji.

Mlango mwembamba wa Nagasaki

Katika kipindi chote hicho Japani ilikuwa imebana sana mahusiano yake na nje. Waholanzi peke yao kati ya Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara, na tangu 1641 walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Mwaka 1720 shoguni Yoshimune alilegeza marufuku ya vitabu vya kigeni, na picha za Ulaya zikaanza kupenya. Zilikuja na kanuni ngeni ya kuchora: mistari yote ya majengo kukutana kwenye nukta moja ya mbali.

Wachoraji wa Edo waliitumia kwanza kama kiini macho cha kuvutia wateja. Okumura Masanobu alichora kumbi za maonyesho na mitaa inayoonekana kuzama ndani ya karatasi. Utagawa Toyoharu alikwenda mbali zaidi. Aliichukua mandhari ya mfereji mkuu wa Venisi, iliyotoka kwenye kazi ya Mwitalia Canaletto, akaichapa kwa vibao vya Kijapani kana kwamba ni bandari ya Waholanzi. Jiografia ilikosewa, lakini somo la kuchora maji, majengo na umbali lilieleweka, na likarithiwa na wanafunzi wa ukoo wa Utagawa kwa vizazi.

Kupitia biashara ya kigeni iliingia pia rangi. Mafundi wa Edo walikuwa na tabu na buluu. Ile iliyotokana na maua ya porini ilipauka upesi, na nili ilikuwa ngumu kuchapwa vizuri. Buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ilikoza vizuri, haikuchuja haraka, na iliweza kutoa vivuli vingi kutoka chungu kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1820 bei yake iliposhuka, wachapishaji waliichangamkia. Keisai Eisen alitoa picha za mapepeo zilizochapwa kwa buluu karibu tupu, na watu wakazigombania. Kwa mara ya kwanza, bahari na anga vingeweza kuchapwa kwa wingi bila kugeuka kijivu ndani ya miaka michache.

Wimbi na barabara

Mwenye jicho la biashara aliyeunganisha hayo yote alikuwa mchapishaji Nishimuraya Yohachi. Alimpa kazi Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760, mzee aliyekuwa amekwisha kuchora kwa zaidi ya nusu karne na kubadili jina mara nyingi. Mfululizo wa Mandhari 36 za Mlima Fuji ulianza kutoka mnamo 1830. Ulipata wanunuzi wengi hata ukaongezwa picha 10, zikawa 46.

Iliyojulikana kuliko zote ni ile ya wimbi katika bahari ya Kanagawa. Macho ya watazamaji hukimbilia wimbi, lakini chini yake wamo watu. Mashua zile tatu ni za wasafirisha samaki, waliokuwa wakipiga makasia mbiombio kufikisha samaki wabichi kwenye soko la Edo kabla hawajaharibika. Wapiga makasia wameinama wakishikilia mashua zao, na Mlima Fuji, mkubwa kuliko yote nchini, umekuwa kijilima nyuma ya maji. Picha hiyo ya bahari, kwa hiyo, ni picha ya mji pia. Inaonyesha gharama ya chakula cha watu milioni moja.

Ilichapwa hadi vibao vikachakaa. Mchoro wa asili uliteketea mikononi mwa mchongaji, na vibao vyenyewe havijulikani viliko. Lakini watafiti wamezitambua nakala zaidi ya 100 zilizosalia ulimwenguni. Mwaka 2023 moja kati yake ilinunuliwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 2.76.

Utagawa Hiroshige alikuja na tabia nyingine kabisa. Alizaliwa Edo mwaka 1797 katika familia ya askari wa zimamoto waliolinda ngome ya shoguni. Wazazi wake walifariki mwaka 1809, na kijana yule akarithi kazi ya baba yake huku akijifunza kuchora kwa Utagawa Toyohiro, mwanafunzi wa Toyoharu aliyetajwa juu. Mchoraji mkubwa kuliko wote wa Edo alikuwa, kwa cheo, mtu wa kupambana na moto.

Wakati wake watu walikuwa na hamu ya safari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Jippensha Ikku alikuwa amewachekesha wasomaji kwa visa vya wasafiri wawili kwenye barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto kwa kilomita takriban 500. Mkulima hakuruhusiwa kwenda matembezi tu, ila hija ilimfungulia njia, na mwaka 1830 mamilioni ya watu walimiminika kwenye hekalu la Ise. Mfululizo wa Hiroshige wa vituo 53 vya Tokaido, uliotoka mwaka 1833 na 1834, uliwapa waliosafiri kumbukumbu na wasiosafiri safari. Ukihesabu mwanzo wake Nihonbashi na mwisho wake Kyoto, picha ni 55.

Maji yametawala kazi hiyo kwa sababu yalitawala safari. Katika Mto Oi watawala walikataza madaraja na mashua kwa ajili ya ulinzi, na wasafiri walivushwa mabegani au kwenye machela za wabebaji waliozamisha vifua majini. Mto ukifurika, matajiri na maskini walisubiri pamoja kwenye nyumba za wageni. Kwenye picha ya Shono mvua ya ghafla inawapiga wabebaji wanaokimbia kila mmoja upande wake, mianzi ikipinda nyuma yao kwa tabaka za kijivu. Kabla ya Hiroshige, hali ya hewa ilikuwa pambo la picha. Kwake ikawa ndiyo habari yenyewe.

Mwaka 1842, katika kampeni ya serikali ya kupiga vita anasa, picha za waigizaji na za makahaba mashuhuri zilipigwa marufuku. Mara nyingi husemwa kwamba marufuku hiyo ndiyo iliyozaa picha za mandhari, lakini tarehe hazikubali, kwa kuwa Fuji na Tokaido vilikuwa vimekwisha kuuzika kwa miaka kumi. Ilichofanya sheria ni kuwasukuma wachapishaji waliobaki upande ambao soko lilikuwa limekwisha kuelekea.

Mji ulioanguka na mandhari 100

Usiku mmoja wa Novemba 1855 tetemeko la ardhi liliipiga Edo, na moto ukafuata. Zaidi ya watu 7,000 walipoteza maisha. Ndani ya siku chache mitaa ilijaa karatasi zisizo na jina la mchoraji wala muhuri wa mkaguzi, zilizomchora kambare mkubwa ambaye watu waliamini hutikisa nchi kwa mkia wake. Serikali ilizizima baada ya muda mfupi.

Miezi michache baadaye, mwaka 1856, Hiroshige akiwa karibu na miaka 60 alianza kazi yake kubwa ya mwisho, Mandhari 100 Mashuhuri za Edo, kwa mchapishaji Uoya Eikichi. Mpaka alipofariki mwaka 1858, mwaka ambao kipindupindu kiliwaua watu wengi mjini humo, alikuwa ameacha picha 118. Baadhi ya wataalamu huusoma mfululizo huo kama sherehe ya mji unaojengwa upya, na picha ya hekalu la Asakusa katika theluji, paa lake na mnara wake vikiwa vimesimama wima, huonekana kuwa tangazo kwamba hekalu limekwisha kutengenezwa.

Humo Hiroshige aliisimamisha karatasi wima na kufanya jambo ambalo wachoraji wa mandhari walikuwa wakiliepuka: alizuia mandhari. Kobe anayening'inia kwa kamba kwenye daraja la Mannen amejaza nafasi ya mbele, na mto na Mlima Fuji vinachungulia nyuma yake. Kobe hao waliuzwa kwa wapita njia ili wawaachie huru mtoni na kujipatia thawabu. Kwingineko bendera ya samaki inafunika nusu ya anga, au miguu ya farasi inatufungia barabara. Mtu anayepita mjini huona hivyohivyo, vitu vikikatiza mbele ya macho yake.

Picha ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi, ya mwaka 1857, imebeba yote aliyojifunza. Wingu jeusi limeshuka kutoka juu, mistari ya mvua ni myembamba hata mtu hushangaa kisu kilipita wapi, na juu ya daraja la mbao watu wanakimbia wakijikinga. Chini, mtu mmoja anasukuma chelezo la magogo bila haraka, kana kwamba mvua haimhusu. Huenda magogo yale yalikuwa ya kujengea.

Nje wazipenda, nyumbani wazidharau

Manowari za Marekani ziliwasili mwaka 1853 na kuilazimisha Japani kufungua bandari. Yokohama ilifunguliwa mwaka 1859, na wachapishaji wa Edo wakakimbilia kuchapa meli za mvuke na wageni wenye ndevu. Mwaka 1868 utawala wa mashoguni ulikwisha na Edo ikaitwa Tokyo. Kwenye Maonyesho ya Paris ya 1867 Wazungu wengi waliziona kazi za Kijapani, na wafanyabiashara wakaanza kusafirisha picha kwa mafungu.

Ulaya iliona thamani ya kilichokuwa kimedharauliwa Japani. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta picha ya mvua ya Shin-Ohashi pamoja na nyingine ya bustani ya miplamu ya Kameido. Yeye na ndugu yake Theo walikusanya mamia ya nakala, kwa kuwa hata Paris zilikuwa bado za bei nafuu. Claude Monet alizitundika nyumbani kwake Giverny. James Whistler alilichora daraja la Battersea la London usiku, refu na la buluu, kwa namna ambayo mtu wa Edo angeitambua mara moja. Jalada la muziki wa Debussy kuhusu bahari, uliochapishwa mwaka 1905, lilipambwa kwa wimbi lililotokana na la Hokusai.

Nyumbani, picha za vibao zilikuwa zikipigwa kumbo na magazeti, kamera na litografia. Katika zama hizo za mpito alitokea Kobayashi Kiyochika, mtoto wa ofisa mdogo wa shoguni aliyekuwa amemfuata bwana wake aliyeshindwa hadi Shizuoka, kisha akarudi kwenye mji asioutambua. Reli ilikuwa imefika mwaka 1872, taa za gesi zilikuwa zimewashwa. Kati ya 1876 na 1881 alitoa picha zaidi ya 90 za Tokyo, nyingi zikiwa za usiku na machweo, ambamo mwanga wa taa unavunjikavunjika juu ya maji ya Sumida na watu ni vivuli visivyo na nyuso. Alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba mambo mapya yana huzuni yake. Januari 1881 moto ulipozuka kwenye mitaa ya Ryogoku, Kiyochika alitoka na daftari kwenda kuuchora. Aliporudi, nyumba yake ilikuwa imeungua. Mfululizo wake ulikoma mwaka huo.

Daraja lilelile, mvua nyingine

Mgeni njoo mwenyeji apone: wanunuzi wa nje ndio waliouamsha ufundi huu mara ya pili. Watanabe Shozaburo alikuwa amejifunza biashara ya kuuza kazi za Kijapani kwa wageni, na mnamo 1915 alianza kuwakusanya wachoraji, wachongaji na wapiga chapa chini ya paa moja kwa mtindo wa zamani. Mchoraji wake mkuu wa mandhari akawa Kawase Hasui, aliyetoa picha zake za kwanza mwaka 1918.

Septemba 1, 1923, tetemeko na moto viliiteketeza Tokyo na Yokohama. Waliokufa walikuwa takriban 105,000. Duka la Watanabe liliungua pamoja na vibao vyake vyote, na Hasui alipoteza madaftari yake ya michoro. Kazi ya miaka mitano ilibaki katika nakala zilizokuwa zimekwisha kuuzwa, na ndiyo sababu picha za Hasui za kabla ya tetemeko hilo ni adimu leo. Waliozinunua hawakujua kwamba walikuwa wakizitunza.

Hasui alianza upya. Picha ya hekalu la Zojoji katika theluji, ya mwaka 1925, yenye mwanamke mwenye mwavuli akikabili upepo, ilinunuliwa kwa wingi. Mwaka 1926 alifika Shin-Ohashi. Daraja la mbao la Hiroshige lilikuwa limeondoka, na daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1912 ndilo lililosimama hapo. Madaraja mengi ya Sumida yalipoungua mwaka 1923, hilo halikuungua, likawavusha wengi, na watu wakalipa jina la daraja lililookoa watu. Hasui alilichora usiku, mvua ikinyesha, taa zikimetameta juu ya lami iliyolowa na mvuta rikisho akipita chini ya vyuma. Katika miaka 69 iliyotenganisha picha hizo mbili, karibu kila kitu mjini kilikuwa kimejengwa upya zaidi ya mara moja.

Wengine walikataa mgawanyo wa kazi wa zamani na kusema msanii achore, achonge na achape mwenyewe. Kati ya 1928 na 1932 wanane wa kundi hilo, akiwemo Onchi Koshiro, walitoa mandhari 100 za Tokyo mpya, zenye mikahawa, sinema na treni ya chini ya ardhi. Yoshida Hiroshi, mchoraji aliyesafiri sana, alichapa mashua za tanga za Bahari ya Seto kwa vibao vilevile akibadili rangi tu, na mashua hizohizo zikawa za asubuhi, za ukungu na za usiku.

Usiku wa kuamkia Machi 10, 1945, mabomu ya moto ya Marekani yaliunguza mitaa ya pande zote mbili za Sumida na kuua watu wapatao 100,000. Ilikuwa ni kama mwaka 1657 umerudi, isipokuwa safari hii moto uliletwa na ndege. Mwaka 1963, Tokyo ikijiandaa kwa Olimpiki ya mwaka uliofuata, barabara ya juu ya magari ilipitishwa moja kwa moja juu ya Nihonbashi, na daraja ambalo kila umbali wa nchi ulihesabiwa kutoka kwake likapoteza anga lake.

Leo Makumbusho ya Sanaa ya Boston yana zaidi ya picha 50,000 za Kijapani za vibao. Mnamo 1920 tajiri wa meli Matsukata Kojiro alinunua kwa mkupuo picha zipatazo 8,000 za mkusanyaji wa Paris Henri Vever na kuzirudisha Japani, na sasa zimo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Tangu Julai 2024 wimbi la Hokusai limo kwenye noti ya yeni 1,000, likipita mkono hadi mkono katika maduka ya tambi.

Kazi za wachoraji wa makasri wa Edo zilikuwa za dhahabu na hariri, moja moja, ndani ya ngome. Ngome zilipoungua, nyingi ziliungua nazo. Picha ya bei ya bakuli la tambi ilikuwa imekwisha kutawanyika hadi Osaka, Paris na Boston. Mji ule tunaujua leo, na daraja lake na mvua yake, kwa sababu wachonga mbao na wapiga chapa wasiojulikana majina waliutoa nakala nyingi kuliko moto ulivyoweza kula.